Mashine imenikata vidole, mwajiri anataka niondoke

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwendesha mashine katika kiwanda cha vifungashio jijini Dar es Salaam. Miezi sita iliyopita mashine ya kukatia karatasi ilinikata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Jeraha limepona, na daktari ameandika kwamba naweza kurudi nikipewa kazi nyepesi. Afisa utumishi ameisoma barua, akasema kiwandani hakuna kazi nyepesi, kisha akanipa makubaliano ya kuacha kazi kwa hiari ili nisaini na kulipwa mishahara miwili. Anadai fidia ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi itanitosha. Nifanyeje? (Msomaji, Ubungo)

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana kwa yaliyokupata. Usisaini. Aliyekubali kwa maandishi kuondoka kwa hiari hupata shida kubwa anapokuja kudai kwamba aliachishwa isivyo halali.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na Kanuni za Utendaji Bora za 2007 hazimkatazi mwajiri kumwachisha asiyeiweza kazi tena, ila zinamtaka kwanza apime ukubwa wa ulemavu, amsikilize mhusika, na kutazama kama kazi yake inaweza kurekebishwa au nyingine kupatikana. Na kwa aliyeumia kazini, wajibu huo ni mzito zaidi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 nayo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu, kwa hiyo kiwanda kinachokuondoa leo huenda kesho kikalazimika kumtafuta mwingine wa kujaza nafasi hiyo.

Udhaifu wako uko kwenye barua ya daktari, maana haimwonyeshi meneja afanye nini. Andika kazi zote unazofanya katika zamu moja: kupanga karatasi, kubonyeza vitufe, kunyanyua marobota, kusafisha mashine, kujaza daftari la uzalishaji. Mwombe daktari aeleze kwa kila moja kama unaiweza, huiwezi, au unaiweza kwa sharti gani, mathalani uzito wa mwisho wa kunyanyua na muda wa kupumzisha mkono. Kisha omba kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, uanze kwa nusu zamu katika ukaguzi wa ubora au stoo. Kurudi kwenye mashine ileile sikushauri. Nyingi za aina hiyo zina vitufe viwili vya kubonyezwa kwa pamoja ili mikono yote iwe mbali na kisu, na fundi akikuondolea kimoja kwa nia njema, atakuwa ameiondoa kinga yenyewe.

Fidia ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni haki nyingine kabisa. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo na unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi, lakini malipo hayo hayampi mwajiri ruhusa ya kukuachisha. Akikuachisha hata hivyo, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa, ukiwa na orodha ile, barua yako na makubaliano uliyokataa kusaini.