Majipu hayaishi nyumbani na vidonge tumeshameza

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu wa miaka 13 anacheza mpira, alitoka jipu pajani nikamnunulia amoksilini vidonge 10 duka la dawa, likatumbuka likapona, baada ya wiki mbili likatoka jingine. Sasa mdogo wake analo kwapani na mimi kiunoni. Dukani wananiambia ninunue kali zaidi, jirani anasema damu chafu tunywe mwarobaini. Nishike lipi? Mama wa watoto wawili, Mbagala.

JIBU: Marahaba mama. Usishike hata moja. Damu yenu haina shida, na jipu lililoiva dawa yake ya kwanza ni kupasuliwa hospitali usaha utoke wote, likiwa dogo na mtu hana homa mara nyingi hapo ndo imeisha. Hata lile la kwanza naona lilipona kwa sababu lilitumbuka, amoksilini ikapewa sifa ya bure.

Majipu ya hivi kwa kawaida huletwa na stafilokoko, bakteria ambaye watu kama 3 kati ya 10 wanatembea naye puani bila kujua. Penisilini, ambayo amoksilini ni ndugu yake, alianza kuivunja tangu miaka ya 1940, wakamtengenezea dawa nyingine, methisilini, 1959, na 1961 tu Uingereza wakamkuta ameigomea nayo! Ndo huyo MRSA, yaani stafilokoko sugu kwa methisilini. Zamani alikuwa wa wodini, ila kuanzia miaka ya 1990 anapatikana hata kwa watu ambao hawajawahi kulazwa. Kwa macho hajulikani kama ni yeye, kwa hiyo ukifika omba usaha uoteshwe maabara ionekane dawa gani inamuua, kuliko kubahatisha vidonge 10 hapa 10 pale, hivyo ndo tunavyomkomaza.

Na huo mpira usiudharau. Marekani 2003 wachezaji watano wa St. Louis Rams, timu ya mpira wa Kimarekani, walipata MRSA kwenye michubuko ya uwanjani, walivyochunguzwa wakakutwa wanachangia taulo. Kwenu je, taulo ni moja? Kiwembe? Kila mtu awe na vyake, mashuka na jezi zifuliwe zianikwe juani zikauke kabisa, kidonda kifunikwe, na jipu msilikamue kwa vidole.

Mdogo mpeleke kesho asubuhi. Akishikwa na homa usiku au wekundu ukaanza kusambaa, usingoje kukuche.