Num Lock Inazimika Baada ya Windows Kujisasisha

SWALI: Naingiza kilo za korosho kwenye Excel katika chama cha msingi. Tangu Windows 11 ijisasishe, kila asubuhi taa ya Num Lock (kitufe kinachowasha namba za kulia) haiwaki, na namba za kulia zinarusha tu kielekezi. Nikichagua Restart inakaa sawa hadi kesho yake. Kibodi imekufa? (Karani, Masasi)

JIBU: Kibodi ni nzima. Lakini kabla ya kurekebisha chochote, kagua hesabu za siku hizo. Num Lock ikizimika, 8 hupanda mstari, 6 huenda kulia, na nukta hugeuka Delete. Ukigonga 68.5 bila kutazama skrini, kielekezi kinahamia kulia, kinapanda, kisha nukta inafuta kilichomo humo. Huenda ni kilo za mkulima mwingine zimefutika! Linganisha na karatasi za mizani, mstari kwa mstari.

Anayeshukiwa kwanza ni uwashaji wa haraka. Ukichagua Shut down, Windows huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski na kuirudisha asubuhi. Restart huanza upya kabisa, ndiyo maana inakusaidia. Sasisho kubwa linaweza kuuwasha tena hata kama uliuzima.

Ukiwa na akaunti ya msimamizi, bonyeza Windows na R, andika powercfg.cpl, kisha Enter. Kushoto chagua "Choose what the power buttons do", fungua mipangilio iliyofungwa kwa kubofya mstari wa juu, toa tiki kwenye "Turn on fast startup", hifadhi. Washa Num Lock, kisha Restart. Kompyuta itachelewa kidogo kuwaka, basi.

Ikirudia, ingia BIOS, programu ya msingi inayotangulia Windows (mashine nyingi ni F2 au Delete wakati wa kuwaka) uwashe Num Lock humo. Rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, iwe ya mwisho: fungua regedit, nenda HKEY_USERS\.DEFAULT\Control Panel\Keyboard, hifadhi nakala kwa Export, halafu InitialKeyboardIndicators iwe 2147483650.

SWALI: Laptopu yangu ndogo, baada ya sasisho, herufi u inatoa 4 na j inatoa 1. Nywila inakataliwa. (Mwalimu, Nachingwea)

JIBU: Kwako Num Lock imewaka. Bonyeza Fn pamoja na kitufe chenye maandishi NumLk. Kama hakipo, kwenye skrini ya kuingia bofya alama ya Accessibility iliyo chini kulia, uchague On-Screen Keyboard, yaani kibodi ya skrini. Kwenye Options weka tiki kwenye "Turn on numeric keypad", kisha bofya NumLock. Ukiandika nywila, bofya alama ya jicho uone herufi kabla ya Enter.