Mdogo wangu unayesoma uchumi, anza na hesabu za benki

Mwanafunzi mmoja wa hapa Moshi ameniandikia akitaka kujua amfuate nani: mhadhiri wake, anayesema serikali ikitumia kuliko inachokusanya bei zitapanda, au wapinzani wa nadharia hiyo, wanaosema nchi yenye sarafu yake haiwezi kushindwa kulipa deni la sarafu hiyo.

Swali hili lina kidonda kwangu. Kwenye semina moja Arusha nilisema benki haichukui amana za Juma ikamkopesha Asha. Ikiidhinisha mkopo, inaandika amana mpya kwenye akaunti ya Asha. Ukumbi mzima ulicheka. Mwenyekiti akanikatisha, akasema nirudi mwaka wa kwanza. Wakati huo Benki Kuu ya Uingereza ilishaeleza jambo hilohilo kwenye jarida lake la mwaka 2014! Hakuna aliyeniomba radhi, na kicheko kile kinaniuma hadi leo.

Kwa hiyo anza na hesabu. Mwalimu akikopa, deni lake ni mali ya benki, na salio lake ni deni la benki kwake. Vyote huandikwa kwa mpigo. Ukilishika hilo, hutashangaa kwa nini Januari 2024 Benki Kuu yetu iliacha kulenga ujazi wa fedha, yaani kiasi cha fedha kilichomo kwenye uchumi, ikaanza kuongoza kwa riba, ikianzia asilimia 5.5: fedha huzaliwa benki zinapokopesha, na riba ndiyo bei ya mkopo.

Lakini na hao wapinzani usiwameze wazimawazima. Dizeli na mbolea tunaagiza kwa dola. Mzee Edwin Mtei, mzaliwa wa Marangu na gavana wa kwanza wa Benki Kuu, alijiuzulu uwaziri wa fedha mwaka 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa. Watu hukisimulia kisa hicho kama ugomvi wa ujamaa na ubepari tu. Mimi naona dola: mafuta yalipanda, kahawa ilishuka, vita ya Kagera ikala akiba. Shilingi tungeweza kuchapa, dola hatukuweza. Makubaliano na IMF yakaja 1986, chini ya Mzee Mwinyi.

Vijana, acheni kushabikia wachumi kama Simba na Yanga. Someni hesabu! Benki Kuu hutoa mapitio ya uchumi kila mwezi; angalieni akiba ya fedha za kigeni inatosha kuagiza bidhaa kwa miezi mingapi, ndipo mbishane kuhusu bajeti. Nawe mdogo wangu, andika mkopo mmoja pande zote mbili za mizania ya benki, yaani upande wa mali na upande wa madeni, unitumie. Nitaukagua mwenyewe.