Inca Trail siku 4: kwa anayeogopa kuwachelewesha wenzake

Mkuu umeuliza kama mtu wa mazoezi ya kawaida anaweza kumaliza Inca Trail, ile njia ya miguu ya milimani kule Peru, na watu asiowajua bila kuwa mzigo kwao, na kama Machu Picchu yenyewe, mji wa kale wa Wainka ambako njia inaishia, inalipa hayo mateso. Mi nilimaliza, na karibu kila siku nilikuwa wa mwisho kufika kambini, kwa hiyo nakujibu kwa niliyopitia.

Siku hazilingani. Ya kwanza mnaanzia mahali panapoitwa Kilomita 82, mnafuata mto Urubamba, watu wanapiga stori, unajiona uko fiti kabisa. Ya pili ndo yenyewe, mnapanda mpaka Warmiwañusca, sehemu ya juu kabisa ya njia, mita 4,215, na shida pale sio miguu ni pumzi, unaenda hatua ishirini unasimama, ishirini tena unasimama, moyo unausikia masikioni. Nilikaa kwenye jiwe nikalia kweli. Kiongozi aliyekuwa anatembea nyuma hata hakuniambia nijikaze, alinipa majani ya koka nitafune, akanionyesha kutembea hatua fupi mno, kisigino cha mguu wa mbele kisipite vidole vya ule wa nyuma, na nisisimame. Nikafika hivyohivyo. Wenzangu walikuwa wamekaa juu kwenye upepo karibu saa nzima wananisubiri, na dada mmoja ambaye hatukuwa tumeongea hata maneno kumi akanivalisha glovu zake bila kuniuliza. Kwa hiyo usiogope kuchelewa. Viongozi wetu walikuwa wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, na kundi lilishajua hivyo toka asubuhi.

Kinachowaangusha watu wengi ni haraka ya kuanza. Cusco, mji mnaofikia kabla ya kuanza, wenyewe uko mita 3,400 hivi, kaa hapo siku mbili tatu kwanza. Kwetu vijana wawili wenye mazoezi kuliko wote walifika jana yake tu, usiku wa kwanza wakatapika mpaka asubuhi. Na magoti yaandae kwa kushuka, maana ngazi za mawe za kushukia ni ndefu kuliko unavyodhani, chukua fimbo mbili zenye mpira chini, chuma kitupu hakiruhusiwi.

Sasa wapagazi. Punda hawaruhusiwi njia ile, kila kitu kinabebwa na watu, na sheria inasema mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20. Wanaondoka baada yenu, wanawapita wakikimbia, mkifika hema zimeshasimama na chai inachemka. Ila hawafiki mwisho na nyie. Usiku wa tatu, kambi ya Wiñay Wayna, ndo mnaagana, kwa sababu alfajiri wao wanakunja kila kitu wanakimbilia treni. Mi sikulijua hilo, nilikuwa na noti kubwa tu za soles, hela ya Peru, ikabidi niazime kwa wenzangu gizani ili nimpe kila mtu mkononi. Beba noti ndogondogo. Nilimuuliza mzee aliyebeba hema langu, kiongozi akitafsiri Kikechua, lugha ya wenyeji wa kule, ameshaingia Machu Picchu mara ngapi. Akasema mara moja tu.

Na hapohapo karibu na kambi kuna magofu ya Wiñay Wayna, usilale bila kwenda hata kama umechoka vipi, ngazi za mashamba zinashuka mlimani kama ukingo wa bakuli, maji bado yanapita kwenye mifereji ya mawe, na tulikuwa sisi tu. Kwangu mimi pale palinigusa kuliko Machu Picchu.

Siku ya mwisho mnaamka saa tisa usiku, mnapanga foleni getini gizani mpaka saa kumi na moja na nusu, halafu mnaelekea Intipunku, lango la kale la mawe juu ya Machu Picchu. Tulifika tukakuta ukungu mtupu. Wengine walitaka kushuka, tukakubaliana kusubiri, na baada ya kama dakika arobaini ukungu ukapasuka kipande kimoja tu, ukaonekana ukuta, kisha paa za nyasi, kisha mji mzima chini yetu. Hakuna aliyeongea. Yule dada wa glovu alinishika mkono na mimi nilikuwa namuwaza yule mzee kwenye treni.

Kwa hiyo ndio, inalipa. Kibali kiwahi miezi mingi kabla, mwisho ni watu 500 kwa siku na humo wapagazi na viongozi wanahesabiwa, na Februari njia inafungwa. Namba ya pasipoti iwe ileile uliyotumia kubuku, wanaikagua getini.