Mafuta yakitoka kwenye swichi ya breki, usikimbilie kukaza swichi

Kama una gari la Triumph TR6 na umeona rangi imebabuka chini ya ile vali ndogo ya breki, ile inayopokea mabomba kutoka masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali ya breki), gusa swichi yake ya plastiki kwa kidole. Ikiwa imelowa, tafadhali soma hii kabla hujampa mtu spana.

Yangu ni ya 1972, silinda sita, lita 2.5. Nilipoona mafuta ya breki yanachuruzika pale, nilimwita fundi. Akaitoa swichi, akazungusha kwenye nyuzi zake tepu nyeupe ya mafundi bomba, akairudisha na kuikaza. Pakakauka, nami nikamlipa kwa furaha. Wiki tatu baadaye nateremka Mazeras kuelekea Mombasa, lori lililo mbele likapunguza mwendo ghafla, nikakanyaga breki, pedali ikashuka karibu na sakafu. Gari lilisimama nilipokanyaga mara ya pili. Mke wangu hakusema neno mpaka tulipofika Changamwe. Nilipofungua boneti, tepu ilikuwa imesukumwa nje na mafuta yametapakaa kote.

Breki za gari hili zina njia mbili, moja ya disiki za mbele na nyingine ya ngoma za nyuma. Ndani ya vali mna pistoni ndogo yenye pete mbili za mpira, zile mafundi wanazoziita oringi. Mbele inasukuma upande mmoja, nyuma upande wa pili, na pistoni inakaa katikati. Upande mmoja ukipoteza nguvu, pistoni inahamia huko, inabonyeza pini ya swichi, na taa inawaka kwenye dashibodi. Pale katikati, chini ya swichi, hapapaswi kuwa na tone hata moja la mafuta. Ukiona mafuta pale, oringi imekufa. Ukiziba swichi, unayafungia mafuta mahali yasipotakiwa, na oringi ya pili ikifa nayo, zile njia mbili zinakuwa moja. Hapo kinga uliyowekewa na waliotengeneza gari imeondoka.

Kazi yenyewe niliifanya barazani, asubuhi moja. Nyonya mafuta yote ya kwenye tangi la mafuta ya breki kwa bomba la sindano. Tandika matambara, na weka ndoo ya maji karibu, kwa sababu mafuta haya yanakula rangi na maji ndiyo huyaosha upesi. Tia alama kila bomba kabla ya kulifungua, na tumia spana maalumu ya nati za mabomba, maana spana ya kawaida huzivuruga pembe zake.

Swichi itoke kwanza. Ukiisukuma pistoni swichi ikiwa bado ndani, pini inavunjika. Kisha fungua plagi iliyoziba mwisho wa vali na ugongegonge vali juu ya ubao. Ikigoma, upepo kidogo tu wa kompresa, na tambara mbele ya tundu. Pistoni yangu ilitoka na oringi moja imekuwa bapa, ngumu kama kipande cha kucha. Angalia ukuta wa ndani kwa tochi. Ukiona vishimo vya kutu, nunua vali nyingine, kwa sababu oringi mpya haitadumu humo.

Oringi ziwe za EPDM, aina ya mpira unaostahimili mafuta ya breki. Zile nyeusi za kawaida, za nitraili, zinazouzwa kwa kazi za oili, huvimba zikikutana na mafuta ya breki. Zilainishe kwa mafuta safi ya breki peke yake, kamwe si grisi wala oili ya injini, na pitisha pistoni polepole kwenye matundu ya mabomba, maana kingo zake hukata mpira. Ile washa, kipete cha shaba cha plagi, iwe mpya.

Nilijaza mafuta ya breki ya daraja la DOT 4. Usichanganye na DOT 5, ile ya silikoni. DOT 4 hunyonya unyevu wa hewa: ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, na ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Sisi wa pwani tusiikalie zaidi ya miaka miwili.

Unapotoa upepo kwenye mabomba, kanyaga taratibu, la sivyo pistoni itahamia upande mmoja na taa itagoma kuzimika ukisharudisha swichi. Ikikutokea, fungua nipo (skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye gurudumu) ya upande mwingine wa gari, mbele au nyuma, na ukanyage polepole mpaka taa izime, kisha uifunge nipo hapo hapo.

Kabla ya kurudisha swichi, nilimwomba mwanangu akanyage pedali kwa nguvu, aishikilie dakika nzima, huku nikimulika tundu la swichi kwa tochi. Chuma kitupu, kikavu. Ndipo nikaifunga swichi kwa vidole na kuikaza kidogo tu, kwani plastiki yake hupasuka kwa urahisi.