Bando likiisha nyumba bado ina mtandao: ushauri kwa anayeanza

Mtu akinipigia kwamba waifai ya nyumbani imekufa, swali langu la kwanza huwa ni moja tu, printa inaprinti? Maana kama umetuma karatasi kutoka kwenye laptopu kupitia rauta na printa ikaitoa, basi mtandao wa ndani ni mzima kabisa, kilichokatika ni intaneti, na hapo hata uzunguke na laptopu nyumba nzima hupati kitu, angalia bando au subiri mnara utulie. Hilo ndo jambo ningependa kila anayeanza alishike kabla hajatoa hela dukani.

Yaani rauta inafanya kazi mbili. Kwanza inaunganisha vyombo vyako, kompyuta, simu, TV, printa, kila kimoja inakipa anwani yake ambayo mara nyingi inaanza na 192.168. Pili inavitoa nje kwenda intaneti. Ile ya kwanza haili bando hata kidogo. Kwahiyo muvi zikiwa kwenye kompyuta ya sebuleni, unaishea folda, Windows ukiiambia kuwa huo ni mtandao wa binafsi sio wa hadharani, afu mtoto chumbani anaifungua kwenye laptopu yake bila kugusa hata MB moja. Kwa sisi tunaonunua bando kwa mawazo hiyo sio kitu kidogo.

Na ukitaka kujua kompyuta imeshika kweli, fungua lile dirisha jeusi la Windows linaloitwa Command Prompt uandike ipconfig. Ukiona anwani inaanza na 169.254 ujue kompyuta haijapewa anwani na rauta, imejipangia yenyewe, ishu iko humo humo ndani: waya umelegea, au rauta imeganda, izime uiwashe. Ukiona 192.168 na bado hakuna kurasa zinazofunguka, shida iko mbele ya hapo.

Sasa Mwanza yetu hii. Nyumba nyingi za Bugando, Isamilo, Kirumba zimekaa mlimani katikati ya mawe, na rauta ya laini ya 4G inataka ikae upande unaoutazama mnara, sio nyuma ya jiwe. Unaiweka dirishani chumba cha mwisho, kasi inapanda, lakini jikoni waifai haifiki kwasababu kuna kuta tatu za tofali na nondo njiani. Watu wanakimbilia kununua vile vidude vya kuvuta waifai, mimi sivipendi, vingi vinapokea na kurusha kwenye mawimbi yale yale kwahiyo kasi inapungua sana. Tafuta rauta nyingine hata ya zamani, iache ya kwanza pale dirishani, vuta waya mpaka katikati ya nyumba uchomeke kwenye tundu la LAN (yale matundu ya vyombo vya ndani) la hiyo ya pili, lakini kabla ya kuchomeka ingia kwenye seti zake (settings) uzime DHCP (ile kazi ya kugawa anwani, wagawaji wakiwa wawili ni vurugu) na uibadilishie anwani isigongane na ya kwanza. Basi. Nyumba nzima inashika.

Mawimbi ya waifai yapo ya aina mbili, 2.4 GHz na 5 GHz. Ile 2.4 inapenya kuta vizuri ila ni ya polepole na kila jirani yumo, ukikaa kwenye nyumba zilizobanana kama Mabatini utaona majina ya waifai yamejaa mpaka unachoka kusoma, hapo kwenye seti za rauta chagua chaneli (njia ndani ya mawimbi hayo) 1, 6 au 11, ile yenye watu wachache. Ile 5 ina kasi lakini ukuta unaikata, itumie chumba kilekile chenye rauta.

Chochote ambacho hakihami kipe waya. Waya wa mtandao wa aina ya Cat5e unatosha kabisa, unaenda mpaka mita 100, ila dukani kuwa makini, kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu, unauzwa rahisi na unakatika ovyo. Kwangua kwa kisu, ukikuta weupe ndani mrudishie mwenyewe.

Paswedi ziko mbili na watu wanabadilisha moja tu. Kuna ya waifai na kuna ya kuingilia kwenye seti za rauta, hiyo ya pili ukiiacha ile iliyokuja nayo, kijana yeyote aliyeshika waifai yako anaweza kukufungia nje ya rauta yako mwenyewe. Badilisha zote, kwenye ulinzi wa waifai chagua WPA2 au WPA3, zima WPS (ile ya kuunganisha kwa kitufe au namba fupi bila paswedi). Wageni wape ile waifai ya wageni, rauta nyingi za siku hizi zinayo, maana shemeji akija huwezi kumnyima lakini sio lazima aione printa na mafaili yako. Na kwenye Windows washa ile seti ya kuiambia kuwa intaneti inapimwa (metered connection), vinginevyo apdeti zitalamba bando usiku umelala.

Mwisho radi. Mvua za ziwani zinapenda kuja usiku kuamkia asubuhi, ukisikia ngurumo usitegemee soketi ya kuzuia shoti peke yake, chomoa umeme wa rauta na kama una antena juu ya bati chomoa na waya wake, maana radi hupita huko pia. Kwa sababu hiyohiyo usivute waya wa mtandao wa shaba juu kwa juu kutoka nyumba kubwa kwenda vyumba vya uani, huko peleka kwa waifai tu hata kama kasi itapungua.