Nina viingilio 30 vya poka. Niache kazi?

SWALI

Kaka, shikamoo. Nina miaka 27, ni karani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa. Mwaka mmoja na nusu sasa nacheza poka mtandaoni usiku nikitoka kazini: Texas Hold'em, meza za watu 6, blaindi (dau la lazima kabla ya karata) ndogo ya senti 25 na kubwa ya senti 50 za dola. Nimeshacheza mikono (yaani mizunguko ya karata) 60,000 na faida ni dola 1,500, yaani blaindi kubwa 5 kwa kila mikono 100. Pesa yote iko kwenye akaunti ya tovuti ninayochezea. Kila mahali nasoma kwamba viingilio 20 mpaka 30 vinatosha kuwa mtaji. Kiingilio kimoja, yaani pesa ninayokaa nayo mezani, ni dola 50, kwa hiyo mimi ninavyo 30. Matumizi yangu, pamoja na ya mama na karo ya mdogo wangu, ni kama shilingi 52,000 kwa mwezi. Nikiacha kazi nitaweza kucheza mikono 20,000 kwa mwezi. Kwa hesabu yangu inatosha na inabaki. Je, kuna mahali nimekosea? Na mashindano ya Jumapili niyacheze au niyaache?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Umenipa namba, na hilo pekee limenifurahisha, maana wengi hunitumia picha ya skrini ya siku moja nzuri wakataka niwape baraka. Kuzidisha kwako hakuna kosa. Mikono 20,000 kwa kasi yako ya faida ni blaindi kubwa 1,000 (nikisema blaindi tu, namaanisha hiyo kubwa), yaani dola 500. Shilingi 52,000 kwa dola ya shilingi 130 ni dola 400. Zinabaki 100. Tatizo liko kwenye ile kanuni ya viingilio 20 au 30, kwa sababu umeiazima kwa watu wasiokula kutoka kwenye mtaji wao.

Aliyeitangaza nidhamu hiyo kuliko wengine ni Mmarekani Chris Ferguson. Alianza na sifuri kwenye tovuti ya Full Tilt, akicheza mashindano ya bure, hadi akafikisha dola 10,000. Sharti lake lilikuwa asiingie kwenye meza ya pesa na zaidi ya asilimia 5 ya alichonacho, ndiyo hivyo viingilio 20. Ila mtu huyo alikuwa bingwa wa dunia wa mwaka 2000, aliyelipwa dola milioni 1.5 kwa ushindi huo. Hakulipa kodi ya nyumba kutoka kwenye zile dola zake za majaribio. Zilipopungua, alishuka meza ndogo akangoja, na hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Sasa tuweke namba zako mahali pake. Poka ina kipimo cha kuyumba kwa matokeo, ambacho wataalamu wa takwimu hukiita mkengeuko sanifu. Kwenye meza za watu 6 kwa kawaida ni kati ya blaindi 80 na 100 kwa kila mikono 100, na programu yako ya kuhifadhi mikono itakuonyesha cha kwako. Tuchukue 90. Hatari ya kufilisika unaipata hivi: zidisha 2 kwa faida yako kwa kila mikono 100, kisha kwa mtaji wako ukiuhesabu kwa blaindi. Gawanya kwa 90 mara 90, yaani 8,100. Jibu liwekee alama ya kutoa, halafu kwenye kikokotoo cha simu ubonyeze kitufe cha e chenye kipeo.

Wewe ukiwa bado na mshahara: 2 mara 5 mara 3,000 ni 30,000. Gawanya kwa 8,100 upate 3.7. Kikokotoo kitakupa 0.025. Asilimia 2 na nusu, na mtu wa mshahara anaweza kulala usingizi na hatari hiyo.

Wewe ukiwa umeacha kazi: kila mwezi unatoa dola 400, ambazo ni blaindi 800. Ukizigawanya kwenye mikono 20,000 ni blaindi 4 kwa kila mikono 100. Kwa hiyo faida inayoingia kwenye mtaji ni 1, nne zimeliwa nyumbani. Rudia hesabu: 2 mara 1 mara 3,000 ni 6,000, gawanya kwa 8,100 ni 0.74, na jibu ni 0.48.

Asilimia 48. Mchezaji yule yule, meza zile zile, dola 1,500 zile zile. Kilichoongezeka ni mwenye nyumba, ambaye sasa ameketi mezani na anashinda kila mwezi bila kushika karata.

Utaniambia kwamba hesabu hiyo inamchukulia mtu asiyeshuka ngazi, na wewe mambo yakiwa mabaya utashuka. Kweli, na mwenye mshahara hapo ndipo anapoponea. Lakini hebu shuka kwenye meza za nusu ya hizo, blaindi kubwa ya senti 25. Kwa uwezo ule ule utapata dola 250 kwa mwezi, na nyumbani wanakula 400. Unashuka ili uulinde mtaji, na kila mwezi mtaji unapungua dola 150 hata ukicheza vizuri. Kwa hiyo hutashuka. Utabaki kwenye meza kubwa ukiwa na viingilio 12, ukijiambia wiki ijayo mambo yatakuwa sawa. Nimewaona wengi waliofika hapo, na mmoja wao ni mimi.

Nilicheza kwa kuishi karibu miaka miwili na nusu, Nairobi, kabla sijarudi kwenye uhasibu. Usiku mmoja wa Januari (na Januari ya huku unaijua) nilikuwa na ree na mfalme. Mezani zililala ree, tisa, sita, mbili na tatu. Poti, pesa iliyokuwa katikati ya meza, ilikuwa dola 40, jamaa akasukuma 30 zake za mwisho. Kulipia 30 ili nishindanie 100 kulinitaka niwe sahihi mara 3 tu kati ya 10, na mchezaji yule nilimjua: alikuwa mtu wa kusukuma hata akiwa hana kitu. Hesabu nilikuwa nayo kichwani, imekamilika. Lakini simu ilikuwa pembeni ya kibodi na ujumbe wa mwenye nyumba ulikuwa bado uko wazi kwenye kioo. Nikatupa karata. Akanionyesha saba na nane za pau. Alikuwa anangoja tano au kumi ajaze mfululizo, hazikuja.

Dola 30 hazikunifilisi. Lakini tangu usiku ule uamuzi wangu ulikuwa unapitia kwa mwenye nyumba kwanza, na kasi yangu ya 5 ikageuka 3, kisha 2. Hesabu za hapo juu zinachukulia kwamba uwezo wako haubadiliki unapoacha kazi. Hubadilika, na mara nyingi huenda chini.

Jambo la pili ni hiyo 5 yenyewe. Mikono 60,000 inasikika mingi, ila bado inaruhusu bahati kufanya kazi kubwa. Kwa kuyumba kwa 90, kasi yako halisi inaweza kuwa popote kati ya hasara ya 2 na faida ya 12. Wachukue wachezaji 12 wasiopata wala kupoteza, uwape mikono 60,000 kila mmoja: takriban mmoja wao atakuwa na grafu kama yako, na atakuwa na hakika kabisa kwamba yeye ni bingwa. Sisemi wewe ndiye huyo. Nasema karatasi uliyoniletea haiwezi kuwatofautisha nyinyi wawili. Na hata kama 5 ni yako kweli, ndani ya mikono 10,000 yoyote, yaani nusu mwezi wako wa kazi, una nafasi kama 3 kati ya 10 ya kutoka na hasara.

Kwa hiyo kazi usiiache sasa. Tenganisha pesa kwanza. Mtaji wa meza ukae peke yake na usinunue hata mkate. Pesa ya nyumbani iwe mfuko mwingine, kwa shilingi, benki au kwenye Sacco, miezi 6 ya matumizi yote pamoja na mama na karo. Kwa namba zako ni shilingi 312,000. Siku utakapoishi kwa poka utajilipa mshahara kutoka mfuko huo, tarehe ile ile kila mwezi, kiasi kile kile, na mfuko utajazwa na kile tu kinachozidi mpaka wa mtaji. Mwezi mzuri usikupandishie matumizi. Hapa ndipo vijana wanaponunua pikipiki.

Mtaji wenyewe ufike viingilio 60, dola 3,000. Lakini usidhani kuongeza mtaji maradufu kunamaliza kazi: kwa mikono 20,000 na matumizi yale yale hatari bado ni asilimia 23. Kinachosaidia zaidi ni wingi wa mikono. Ukicheza 30,000 kwa mwezi, nyumbani wanakula blaindi 2.7 badala ya 4 kwa kila mikono 100, na hatari inashuka mpaka karibu asilimia 3. Mikono 30,000 ni kama saa 100 za meza 4 kwa pamoja. Jaribu likizo yako ijayo uone saa ya nne mfululizo unacheza poka au unabonyeza tu.

Ukiwa bado na mshahara weka sheria ya kushuka: viingilio vikibaki 20, nenda meza ndogo siku hiyo hiyo, bila kujadiliana na nafsi. Iandike sasa ukiwa umetulia.

Halafu hiyo pesa yote kukaa kwenye tovuti moja. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilizifungia tovuti kubwa za poka, ikiwemo hiyo hiyo Full Tilt. Ikagundulika kwamba Full Tilt haikuwa na pesa za kuwalipa wachezaji wake, na Wamarekani waliokuwa na akiba humo walianza kulipwa mwaka 2014. (Ferguson, yule wa asilimia 5, alikuwa mmoja wa wakurugenzi. Nidhamu ya mtu mezani na nidhamu ya kampuni yake ni vitu viwili.) Kwa mtu wa meza 4, viingilio 10 mpaka 15 ndani ya tovuti vinatosha. Nyingine zitoe, na zitoe kwa vipande tangu sasa, ujue mapema kama pesa inafika, kwa siku ngapi, na inakatwa kiasi gani njiani.

Na kumbuka unashinda dola lakini unakula shilingi. Mapema mwaka 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, kisha ndani ya wiki chache ikashuka mpaka karibu 130. Matumizi yako ya shilingi 52,000 yangekuwa dola 325 wakati ule, na 400 baada yake. Blaindi 150 zaidi kwa mwezi, na hakuna mkono hata mmoja uliocheza vibaya. Mfuko wa nyumbani nimeuweka kwa shilingi kwa sababu hiyo.

Mashindano ya Jumapili: cheza kwa kiingilio kisichozidi asilimia 1 ya mtaji, kwa hiyo dola 15 kwako leo. Yanayumba kuliko meza za pesa, kwa sababu faida ya mwaka mzima inaweza kukaa kwenye siku 2 ulizofika fainali. Usiyaweke kwenye hesabu ya kodi ya nyumba kabisa.

Kuna watakaokuambia utafute mdhamini. Huo ni mlango halali, wakubwa wameupita: mwaka 1997 Stu Ungar alilipiwa kiingilio cha dola 10,000 na Billy Baxter, akashinda ubingwa wa dunia na dola milioni 1, wakagawana nusu kwa nusu. Mwaka uliofuata Ungar alifariki akiwa hana kitu. Kwa ngazi yako mdhamini atachukua nusu ya faida, na hasara utaifuta kwanza kabla ya kugawana. Kwa anayebakiwa na blaindi 1 baada ya matumizi, hakuna nusu ya kugawa.

Endelea na kazi ya mizigo, cheza usiku, na wikendi hii toa dola 800 kwenye ile tovuti. Ukifikisha mikono 150,000 niandikie tena, na uniletee grafu yote tangu mkono wa kwanza, pamoja na ile miezi unayopenda kuiruka.